Anapobaki Mmoja Katika Ofisi ya Utumishi



Wapendwa Familia ya Mungu, juma hili nawaalika tuitafakari kazi ambayo wengi huidhania kuwa ni ya makaratasi tu, yaani kazi ya afisa utumishi, au kama wanavyosema siku hizi, afisa rasilimali watu. Wapo waamini waliotoka katika idara kubwa za mashirika na benki, walikokuwa watu kumi au zaidi, wakaingia katika shule, zahanati au kampuni ndogo ambako idara nzima ni wao wenyewe. Majirani huwapongeza kwa kupata ukuu. Ni ukuu kweli, ila wa meza moja.

Katika idara kubwa, mmoja hushughulikia ajira mpya, mwingine mishahara, mwingine mafunzo, mwingine nidhamu. Katika ofisi ndogo, mtu yule yule huwasaili waombaji kazi asubuhi, huandaa michango ya NSSF mchana, na jioni huandika barua ya onyo. Wingi huo unachosha, lakini kwa maoni yangu hatari kubwa haiko hapo. Kazi nyingi hupangiwa siku zake. Kisichorudishwa na ratiba yoyote ni yule mwenzako wa meza ya pili, uliyekuwa ukimsogezea karatasi na kumwuliza: "Je, hii ni haki?"

Tuchukue mfano. Mkurugenzi anaingia ofisini na kusema, "Mlinzi yule aondoke leo." Katika idara kubwa amri hiyo ingepitia mikononi mwa watu kadhaa, na angetokea mmoja wa kuuliza kama mlinzi amesikilizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki. Kanuni zake za mwaka 2007 zinampa mtuhumiwa muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na haki ya kusaidiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Afisa aliye peke yake anayajua yote haya. Lakini hana shahidi, na anayemwamuru ndiye mwenye kuushika mshahara wake. Kalamu yake ikiteleza, nyumba ya mlinzi italala njaa.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, chatuonyesha Yethro akimtazama Musa aliyeketi tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu peke yake. Yethro hakumsifu mkwewe kwa bidii. Alimwonya kwamba jambo hilo si jema, kwani atachoka yeye pamoja na watu wake. Tuzingatie hilo la pili: uamuzi wa mtu mmoja huwaumiza pia wale wanaoamuliwa.

Najua ofisi ndogo ina neema yake. Humo mlinzi si namba ya jalada. Afisa anamjua kwa jina, na anajua mwanawe yuko kidato cha pili. Papa Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya. Mafundisho hayo ni rahisi kuyaishi pale tunapofahamiana. Hata hivyo, kufahamiana hakuwezi kuchukua nafasi ya ushauri.

Basi waajiri, tukiwemo sisi tunaosimamia taasisi za Kanisa, tumpe afisa huyo kwa maandishi haki ya kusema "subirini" kabla ya barua yoyote ya kumwachisha mtu kazi. Tumtengee mjumbe mmoja wa bodi wa kumwendea, na tusimfanye awe mshtaki, mpelelezi na hakimu kwa wakati mmoja. Naye afisa amtafute mzoefu wa fani yake, aliye nje ya ofisi, amwulize bila kutaja majina. Siri ya mfanyakazi isitoke, hata katika jumuiya ndogo ndogo.

Bwana aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili. Tusimwache yeyote abebe peke yake hatima ya riziki za wenzake.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi atuombee. Mungu awabariki.