Namba Zilizofungiwa Katika Simu ya Marehemu



Ndugu wasomaji, masika yaliyopita tulimzika mzee wetu mmoja hapa Kibondo, Allah amrehemu. Alifariki baada ya Alfajiri, na kwa kuwa Sunna yatuhimiza kuharakisha maziko, kaburi lilikuwa tayari kabla ya Alasiri. Binti yake aishiye Kasulu alipata habari siku ya pili. Angeliambiwa mapema, angelipanda basi la asubuhi na kuwahi. Namba yake ilikuwamo katika simu ya marehemu, iliyofungwa kwa neno la siri alilolijua yeye peke yake. Daftari la kamati, tunalolitunza sisi, lilikuwa na namba ya zamani isiyopatikana tena. Alipofika hakutulaumu. Aliuliza tu kama tulijaribu kumpigia, nasi tukamwonyesha lile daftari.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni. Sisi tuliosoma vyuoni twaifundisha kila mwaka, kisha amana ya majina ya watu twaiacha katika karatasi zilizolowa.

Sasa tumefungua akaunti ya msikiti katika Google Contacts, ambayo haina malipo. Tumesema ya msikiti kwa makusudi. Makatibu huhama, huugua na hufa. Na Google yenyewe yaweza kuifuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2. Kwa hiyo neno la siri wanalo watu wawili, na mmoja wao si katibu. Kila muumini ameandikwa pamoja na namba mbili za jamaa zake, na jina likifutwa kwa bahati mbaya hurejeshwa ndani ya siku 30. Orodha huchapishwa kila baada ya miezi mitatu na kufungiwa kabatini, maana umeme na mtandao wa huku tunavijua. Mwenye simu ya kitochi hapungukiwi na kitu. Yeye hutoa namba, kuandika ni kazi yetu.

Tulikosea pia, na kosa hilo tulitaje. Mwanzoni tuliunda kundi la WhatsApp tukawaingiza wote, wake kwa waume. Haikupita wiki, mume mmoja akatujia: mkewe anapigiwa usiku na mtu asiyemjua. Katika kundi kila mmoja huiona namba ya mwenzake, jambo ambalo hatukulifikiria hata kidogo. Tulimwomba radhi, tukalivunja kundi siku hiyo hiyo. Tangazo la msiba sasa hupita katika orodha ya matangazo ya WhatsApp, ambayo huchukua watu 256. Kila mmoja hulipokea peke yake bila kuona namba ya mwingine. Sharti lake ni kwamba mpokeaji awe ameihifadhi namba ya msikiti katika simu yake. Asipoihifadhi, tangazo halimfikii. Ndiyo sababu namba hiyo husomwa kila Ijumaa baada ya swala, hata vijana wameanza kuitabasamia.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yaihesabu imani ya dini miongoni mwa taarifa nyeti. Orodha ya waumini ni taarifa ya aina hiyo hasa. Hivyo hatumwandiki mtu kabla hajaridhia kwa saini yake, na mgombea aliyetuomba orodha tulimnyima.

Kuna faida ambayo hatukuitarajia. Tuliweka alama kwa waashi, mafundi cherehani na mafundi umeme, na tayari mwashi wetu mmoja amepata kazi Kasulu kwa ndugu ambao hawakuwahi kumsikia.

Yule binti naye tumemwandika. Ametupa namba yake, ya mumewe, na ya jirani mwenye duka karibu na stendi, akisema huyo simu yake haizimwi.