Kinyonga Atunzwe Kwao

Aghalabu fasihi yetu humtumia kinyonga kama ishara ya mtu kigeugeu, na wengi wetu humwona kuwa mkosi. Ajabu ni kwamba mwaka 2006 wanasayansi waliliazima jina lake la Kiswahili, wakaunda jenasi ya Kinyongia. Mmoja wa jenasi hiyo, Kinyongia boehmei, ambaye dume lake lina pembe mbili puani, asili yake ni Milima ya Taita pekee, karibu na mji wa Mwatate.

Ughaibuni vinyonga wa jenasi hii hufugwa na kuzalishwa majumbani. Kwetu huuawa kwa hofu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kuwafuga bila kibali, na hiyo ni haki. Lakini ikiwa ufugaji utaruhusiwa, vibali vitangulie kwa wakazi wa Mwatate wanaoishi kando ya msitu wa Chawia, na wauzwe waliozaliwa kizimbani tu, si walionaswa msituni. Mwongozo wake uandikwe kwa Kiswahili. Wahenga walinena, mcheza kwao hutunzwa. Kinyonga huyu hana kwao kwingine.