Sifa ya Kibao na Sifa ya Kazi

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo yatufaa sana sisi wenye watoto wapendao mpira wa miguu, maana hapa Bongwe jioni twawaona vijana wengi wakipita chini ya minazi, na mgongoni wamevaa majina ya wachezaji wa mbali. Kupenda mchezo si kosa. Lakini yafaa tuwaulize: je, sifa ya mchezaji yatoka wapi?

Na tutazame habari za Victor Wanyama, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1991. Yeye alikuwa kiungo, yaani yule akaaye katikati ya uwanja, akawanyang'anya wapinzani mpira na kuwapa wenzake walio mbele. Kazi hiyo ina jasho jingi na makofi machache. Aliondoka Kenya angali kijana mdogo, akaenda Helsingborg, nchi ya Sweden, alikotangulia ndugu yake McDonald Mariga. Mwaka 2008 akaingia timu ya Germinal Beerschot ya Ubelgiji, na mwaka 2011 Celtic ya Scotland. Tarehe 7 Novemba, 2012, akiwa na umri wa miaka 21, alifunga bao kwa kichwa siku Celtic ilipoishinda Barcelona kwa mabao 2 kwa 1. Mwaka uliofuata Southampton ilimnunua kwa pauni 12,500,000 hivi, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Sasa lisikilizeni jambo la mwaka 2017. Wanyama, ambaye wakati huo alikuwa mchezaji wa Tottenham, alifika Dar es Salaam kupumzika, na huko Ubungo mtaa mmoja ukapewa jina lake, kibao kikasimamishwa. Siku chache hazikupita, kibao kile kikaondolewa! Hiyo ndiyo sifa ya kibao: mkono ulioisimamisha ni mwepesi, na mkono wa kuing'oa ni mwepesi vile vile. Lakini lile bao la mwaka 2012, ni nani awezaye kuling'oa?

Basi, ndugu wazazi, msimfukuze mtoto uwanjani, wala msimwachie akatupa kitabu kwa kutamani jina. Waendao Ulaya ni wachache, na wabakio ni wengi. Naye abakiaye bila elimu wala kazi ya mikono, mpira hautamlisha. Apewe saa ya mpira, saa ya kusoma na saa ya shamba, na katika zote tatu afundishwe kutimiza wajibu wake hata pasipo mtu wa kumpigia makofi.

Mkulima wa Bongwe ajua ya kuwa mnazi upandwao leo hauanguliwi madafu kesho. Kijana naye ni vivyo hivyo.