Kura za rais Marekani: Nani hasa anamlinda mkulima?

MWAKA 2020 hakuna jimbo la Marekani lililompa Donald Trump kura nyingi kuliko California. Zaidi ya watu milioni 6 walimpigia, wakiwamo wakulima wa bonde kuu la jimbo hilo wanaolima zabibu, nyanya na lozi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Lakini kura zote hizo hazikumpatia mjumbe hata mmoja. Joe Biden alipata zaidi ya milioni 11 jimboni humo, akachukua wajumbe wote 55.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala ambao Wamarekani wamekuwa nao kwa miaka mingi. Je, kila jimbo liendelee kumpa wajumbe wake mshindi wa jimbo hilo, au limpe aliyeongoza kwa kura za nchi nzima?

Msomaji anaweza kuuliza habari hii inatafuta nini katika kurasa za kilimo na biashara. Jibu ni kwamba anayetajwa sana katika mjadala huo ni mkulima. Wanaotetea utaratibu wa sasa wanasema ukiuondoa, wagombea watapiga kambi New York, Los Angeles na Chicago, na mkulima wa mahindi wa Iowa au wa ngano wa Kansas hatamwona mtu. Hoja hiyo inagusa moyo, hasa kwetu sisi ambao wengi wetu ni wakulima. Hebu tuipime.

Wajumbe wanaomchagua rais ni 538, na mshindi anahitaji 270. Kila jimbo hupata wajumbe sawa na idadi ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi, ukijumlisha maseneta wake wawili. Jiji la Washington hupewa watatu.

Ni kweli hesabu hiyo inayapendelea majimbo madogo. Kwa sensa ya mwaka 2020, Wyoming ilikuwa na watu wapatao 577,000 na ina wajumbe 3, yaani mjumbe mmoja kwa watu 192,000 hivi. California, yenye watu milioni 39.5, sasa ina wajumbe 54, yaani mjumbe mmoja kwa watu 732,000 hivi. Kwa mizani hiyo, mtu mmoja wa Wyoming anakaribia uzito wa watu wanne wa California.

Lakini upendeleo huo humezwa na jambo jingine. Majimbo 48 na jiji la Washington humpa mshindi wajumbe wote, hata akishinda kwa kura moja. Ni Maine na Nebraska tu zinazogawa baadhi ya wajumbe kwa wilaya za uchaguzi.

Tuchukue mfano wa ushirika. Chama kikuu kina vyama vya msingi vitatu, kila kimoja kina wanachama 100 na hupeleka wajumbe 5 kumchagua mwenyekiti. Juma anashinda vyama viwili kwa kura 51 dhidi ya 49 za Asha. Chama cha tatu anashindwa kwa 10 dhidi ya 90. Juma atakuwa mwenyekiti kwa wajumbe 10 dhidi ya 5, ingawa wanachama waliomtaka ni 112 na waliomtaka Asha ni 188.

Marekani imeyaona hayo. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa kura zaidi ya nusu milioni nchi nzima, lakini Bush akaingia Ikulu baada ya kuongoza Florida kwa kura 537. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa kura zipatazo milioni 2.9, akashindwa.

Sasa turudi kwa mkulima. Katika mfano wetu, Juma akiwa na akili atafanya kampeni katika chama gani? Hatakwenda kule anakoshindwa kwa mbali, wala Asha hatapoteza nauli kwenda mahali ambako tayari anazo kura 90. Wote wawili watashinda katika vile vyama viwili vya 51 kwa 49.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024. Kampeni zilijazana katika majimbo saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Kansas haimo. Jimbo hilo la ngano halijampa mgombea wa Democratic wajumbe wake tangu mwaka 1964, hivyo chama kimoja kinajua kitashinda na kingine kinajua kitashindwa. Nani atahangaika nalo?

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Wisconsin hutembelewa, lakini si kwa sababu ya maziwa. Mwaka 2020 tofauti ya kura huko ilikuwa chini ya 21,000. Iowa nayo ilibembelezwa ilipokuwa haijulikani itaangukia wapi. Tangu 2016, Trump alipoanza kuichukua kwa tofauti kubwa, haihesabiki tena miongoni mwa majimbo ya ushindani. Mahindi yake ni yaleyale na wakulima ni walewale.

Kwa hiyo utaratibu huu haumlindi mkulima. Unamlinda anayeishi mahali penye ushindani, awe mkulima au fundi wa kiwanda. Machi 2002 Rais Bush aliweka ushuru kwenye chuma kutoka nje, na wachambuzi wengi waliona macho yake yalikuwa kwa wapiga kura wa Pennsylvania, Ohio na West Virginia.

Basi ngao ya mkulima wa Marekani iko wapi? Iko bungeni. Kila jimbo, liwe kubwa au dogo, lina maseneta wawili, na sheria ya kilimo haipiti bila Seneti. Tazama pamba. Texas, inayoongoza kwa zao hilo, mara ya mwisho kumchagua rais wa Democratic ilikuwa 1976, lakini ruzuku ya pamba haikukauka. Ruzuku hiyo ndiyo ambayo Shirika la Biashara Duniani, katika kesi iliyofunguliwa na Brazil, liliamua mwaka 2005 kuwa ilikandamiza bei katika soko la dunia. Ni soko hilohilo anakouza mkulima wa pamba wa Shinyanga na Simiyu. Anayedhani kubadili kura za rais kutaondoa ruzuku, au kutamnyang'anya mkulima wa Marekani kinga yake, anatazama mlango usio wenyewe.

Wanaotaka mabadiliko wamebuni njia isiyohitaji kurekebisha Katiba. Majimbo yanatia saini mkataba wa kumpa wajumbe mshindi wa kura za nchi nzima, nao utaanza kazi wajumbe wa waliotia saini wakifika 270. Maryland ilitangulia mwaka 2007. Maine ilipojiunga Aprili 2024, yalifika majimbo 17 pamoja na Washington, yenye wajumbe 209.

Nakubaliana na lengo, lakini mkataba wenyewe una nyufa. Kwanza, jimbo lililoingia kwa sheria linaweza kutoka kwa sheria. Mkataba unazuia kujitoa katika miezi sita ya mwisho ya muhula wa rais, lakini zuio hilo halijapimwa mahakamani. Pili, unabishaniwa iwapo unahitaji idhini ya Bunge la Congress. Tatu, hauweki kiwango cha chini cha ushindi. Wagombea wakiwa wengi, mwenye asilimia 35 anaweza kuwa rais.

Kenya imejaribu kuziba pengo la namna hiyo. Katiba yake ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na walau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Mgombea hulazimika kutafuta kura hata kule asikopendwa sana.

Mtihani wa mkataba wa Marekani ni huu. Mwaka 2024 Trump aliongoza kwa kura za nchi nzima. Kama mkataba ungekuwa umeanza kazi, California na New York, zilizomkataa, zingepaswa kumpa wajumbe wao wote. Je, wakubwa wa majimbo hayo wangetimiza ahadi huku wananchi wao wakipiga kelele? Mkulima yeyote aliyewahi kuahidiwa bei kabla ya mavuno anajua kwamba mkataba hupimwa siku unapomuuma aliyeutia saini.