DHAMANA BILA VIPURI NI KARATASI TU

Barabara kuu ya kati ikishaacha Singida mjini huelekea Misigiri, kisha huteremka mlima wa Sekenke hadi Shelui, ikaingia mbuga ya Wembere kuelekea Igunga. Hapo Misigiri malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupumzika kabla ya kuukabili mteremko. Apitaye saa nane mchana, mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, asishangae kuliona lori jipya ambalo rangi yake bado inang'aa na viti vyake bado vimevikwa nailoni za kiwandani, lakini milango yote miwili iko wazi, na dereva amejilaza kivulini chini ya trela, taulo bichi shingoni. Kiyoyozi kimekufa, na lori halijatimiza hata mwaka.

Mwendo wa mambo baada ya hapo unajulikana. Dereva humpigia simu tajiri wake. Tajiri humpigia wakala aliyemuuzia lori. Wakala hujibu kwa upole kwamba gari liko chini ya dhamana, kwa hiyo matengenezo ni bure. Ila lazima kwanza liletwe kwenye karakana yake Dar es Salaam likaguliwe, kisha ripoti na picha zipelekwe kiwandani ng'ambo, kisha kiwanda kikubali, ndipo kipuri kiagizwe. Kikija kwa meli hukaa wiki kadhaa baharini, na baada ya bahari kuna forodha. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 700.

Tajiri huyo amebakiwa na njia tatu. Anaweza kulirudisha lori Dar es Salaam na kupoteza safari. Anaweza kumwita fundi wa Singida, na dhamana ikafa siku hiyo hiyo, kwa kuwa mkataba unakataza lori kuguswa na fundi asiyeidhinishwa. Au anaweza kumwambia dereva avumilie. Njia ya tatu ndiyo rahisi kwake, kwa sababu atakayeilipia ni mtu mwingine.

SI ANASA

Wapo watakaocheka. Watasema madereva wa zamani walikata nchi hii kwenye barabara za vumbi bila kiyoyozi, na mizigo ilifika. Wataongeza kwamba Singida iko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ina upepo wa kutosha. Basi dereva afungue dirisha.

Hoja hiyo ina mvuto lakini haina uzito. Lori la zamani liliundwa kwa kujua kwamba halitakuwa na kiyoyozi, na mengi yalikuwa na vidirisha vidogo vya kugeuzia upepo pamoja na matundu ya hewa miguuni. Lori la leo limeundwa kwa kukitegemea kiyoyozi. Kioo chake cha mbele ni kipana na hupokea jua lote. Injini iko chini ya kibanda cha dereva, na joto lake hupanda. Lori linapokwenda, dirisha lililo wazi husaidia kidogo. Linaposimama kwenye foleni ya mizani ya Njuki, au katika foleni ya bandarini Dar es Salaam, halisaidii lolote. Tena upepo wa Singida wakati wa kiangazi hauji peke yake. Huja na vumbi. Na wa Wembere, chini ya mlima, huja na joto.

Mtu huyu aliyekaa humo tangu alfajiri ndiye anayetakiwa kuliteremsha Sekenke lori na trela lake, ambalo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaliruhusu kufika uzito wa tani 56. Joto huleta uchovu, uchovu huleta kusinzia, na dereva akisinzia juu ya tani 56 anayelipa si yeye peke yake. Hulipa pia abiria wa basi linalopanda, mwendesha baiskeli, na mwanafunzi anayerudi nyumbani pembezoni mwa lami.

Mtumishi akikosa feni ofisini huandika dokezo, na dokezo hilo hupewa namba ya jalada. Ofisi ya dereva ni kibanda cha lori. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi ni salama, na hapana sababu ya kuamini kwamba sheria hiyo huishia kwenye majengo yenye kuta na ngazi. Kiyoyozi katika lori la masafa marefu ni chombo cha kazi, kama breki na taa.

UFA MDOGO, UKUTA MZIMA

Linalokera zaidi ni udogo wa ugonjwa wenyewe. Kiyoyozi cha lori si kitu cha miujiza. Kuna kompresa inayozungushwa na injini kwa mkanda. Kuna kipozea kilichowekwa mbele ya gari ili gesi ipoteze joto. Kuna mabomba, vali na mipira ya kuzibia kwenye maungio. Lori hutikisika, na maungio hulegea. Vumbi na wadudu huziba kipozea, na shinikizo hupanda. Mara nyingi chanzo ni mpira mmoja wa kuzibia, ambao mtu anaweza kuuweka katika kiganja cha mkono pamoja na mingine ishirini.

Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama dizeli. Imo katika mzunguko uliofungwa, na ikipungua maana yake inavuja. Kujaza gesi bila kuziba panapovuja ni kuchota maji kwa pakacha. Wiki haiishi, joto limerudi. Pamoja na gesi hupotea mafuta yanayoilainisha kompresa, na kompresa ikizunguka bila mafuta husagika, na chembe za chuma zikasambaa katika mabomba. Hapo kilichohitaji mpira mmoja kinahitaji mtambo mzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Dhamana ya namna hii humkataza mnunuzi kuziba ufa, na muuzaji huja miezi baadaye kujadili bei ya ukuta.

Tena saa ya dhamana haisimami lori linaposimama. Mwezi ambao lori limekaa karakanani likisubiri kipuri huhesabiwa kuwa mwezi wa dhamana, ingawa mnunuzi hakufaidi hata siku moja. Wala saa ya benki haisimami: lori lililonunuliwa kwa mkopo hudaiwa marejesho liwe barabarani au juu ya magogo. Hivyo kuchelewa kwa kipuri humwongezea mnunuzi deni na humpunguzia muuzaji wajibu. Biashara ambayo mwenye kosa hunufaika kwa kuchelewa kulirekebisha haiwezi kutegemewa ijirekebishe yenyewe.

Mawakala wana utetezi wao, na ni haki kuutazama. Husema kuweka ghala la vipuri mikoani ni kufungia mtaji, kwa kuwa hawajui ni kipuri gani kitahitajika na lini. Lakini mawakala hao hao wanajua ni malori mangapi wameuza, ya mwaka gani na kwa nani. Vichujio vya mafuta na vitambaa vya breki huviweka tayari, kwa sababu hivyo mnunuzi huvilipia. Kipuri cha dhamana hakilipiwi na mnunuzi, kwa hiyo hakina haraka. Hiyo ndiyo tofauti, na haihusiani na ugumu wa kubashiri.

SOMO LILILOSAHAULIWA

Nchi hii ilishalisoma somo hili kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliyasimamisha malori kila mkoa. Magari yalikuwa yametoka katika nchi nyingi, mengine kwa misaada, na kila aina ilidai vipuri vyake. Mazao yalikaa maghalani vijijini kwa kukosa usafiri, na lori lililohitaji kipuri kimoja liling'olewa vipuri vingine ili kuyaponya wenzake, hadi likabaki mifupa.

Jibu la wakati huo lilikuwa kujenga. Kibaha paliwekwa kiwanda cha kuunganisha malori ya Scania. Hapo Kibaha pia jeshi lilianzisha Nyumbu kwa ajili ya teknolojia ya magari. Kilimanjaro kilijengwa kiwanda cha zana na mashine. Si yote yaliyokusudiwa yalitimia, na baadhi ya viwanda hivyo vilinyamaza. Lakini swali lililovizaa lilikuwa sahihi: chombo hiki kikiharibika, nani atakitengeneza, wapi, na kwa kipuri gani?

Swali hilo limesahauliwa wakati ambapo kulijibu kumekuwa rahisi zaidi. Leo malori yanaunganishwa tena Kibaha. Barabara kutoka Dar es Salaam hadi Singida ni lami, na simu inafika hata Shelui. Zamani kipuri kilikosekana kwa sababu nchi haikuwa na fedha za kigeni za kukiagiza. Leo mnunuzi amelipa bei kamili, na ndani ya bei hiyo imo gharama ya dhamana. Kipuri kinakosekana kwa sababu aliyepokea fedha hakulazimishwa na mtu yeyote kukiweka.

WAJIBU NI WA NANI

Watumishi wa umma wasidhani kwamba haya ni matatizo ya matajiri wa malori peke yao. Magari ya Serikali hununuliwa kwa dhamana za aina hiyo hiyo. Afisa ugavi anayeandaa zabuni chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 ndiye mwenye kalamu. Akiandika sharti la bei peke yake, atapata gari rahisi na kilio kirefu. Akiandika kwamba mzabuni aoneshe orodha ya vipuri vilivyopo nchini, aidhinishe fundi katika mkoa ambako gari litafanya kazi, na atimize matengenezo ndani ya siku zilizotajwa, atakuwa amenunua gari pamoja na uhai wake. Karakana za TEMESA zipo mikoani. Hapana sababu ya wauzaji kutozitambua katika mikataba yao.

Tume ya Ushindani nayo ina wajibu wa kumlinda mlaji kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ni vema mikataba ya dhamana ya magari isomwe kwa jicho kali, na hasa mambo mawili. Kwanza, siku ambazo gari limesimama likisubiri kipuri zisihesabiwe katika muda wa dhamana. Pili, kipuri kikishindwa kupatikana ndani ya muda uliokubaliwa, mnunuzi awe huru kumpa kazi fundi mwenye cheti, na gharama alipe muuzaji, bila dhamana kufa.

Walimu pia wana sehemu yao, hasa wa vyuo vya ufundi. Singida kuna chuo cha VETA. Kijana wa Iramba au Manyoni aliyefundishwa kutafuta panapovuja kabla ya kujaza gesi ana thamani kuliko semina kumi za huduma kwa mteja. Wauzaji wanaochuma katika barabara hii wangepaswa kuwa wa kwanza kupeleka mitambo ya kufundishia chuoni hapo, kisha kuwaidhinisha vijana watakaofuzu.

Ahadi ni deni. Muuzaji aliyetia sahihi dhamana amekopa, na anayemdai amelala kivulini Misigiri, akisubiri jua lipungue ili auteremke Sekenke. Deni hilo lilipwe kwa vipuri vilivyo ghalani na mafundi walio karibu. Pasipo hivyo, karatasi ya dhamana itamfaa dereva kwa kazi moja tu, ya kujipepea.