MLOLONGO WA LANGONI

Mwaka wa 1988 Wakenya waliamrishwa kupiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea, mchana peupe, mbele ya chifu, mwajiri na jirani. Watetezi wa mlolongo walidai kwamba ungezuia udanganyifu. Lakini tangu mwaka wa 1986, chama tawala kilipoukubali utaratibu huo, Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikuwa limekwisha kuupinga, na maaskofu kama Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari wakausema ubaya wake hadharani. Sababu yao ilikuwa rahisi kueleweka hata na mtoto. Mtu anayetazamwa na yule awezaye kumdhuru hachagui, anatii tu. Hatimaye, mwaka wa 1990, mlolongo ukatupwa. Mwezi wa Desemba mwaka uliofuata kifungu cha 2A kikafutwa, na vyama vingi vikarudi.

Ndugu zetu, uko mlolongo mwingine ambao haujatupwa. Upo alfajiri ya leo katika malango ya viwanda vya Nairobi, Thika, Athi River na Changamwe. Wanaume kwa wanawake hujipanga kabla jua halijachomoza. Karani hutoka na kuwatazama, kisha huchagua: wewe, wewe, na yule mwenye sweta. Waliochaguliwa huingia. Waliobaki hurudi nyumbani kwa miguu. Jioni ikifika, hata wale walioingia huhesabiwa kuwa wageni, na kesho yake huanza upya kana kwamba hawajapata kuonekana mahali hapo. Wapo waliopita katika lango hilo hilo kwa miaka mitano, saba, hata kumi, na bado wangali wanaitwa vibarua wa siku.

Hoja yetu katika makala haya ni moja. Haki zote za mfanyakazi, kuanzia mshahara wa halali, likizo na matibabu hadi heshima ya mwili wake, zinasimama juu ya jambo moja: uhakika kwamba kesho hatafukuzwa kwa kuwa leo amesema. Asiye na uhakika huo hana haki hata moja, ijapokuwa zote zimeandikwa katika Katiba. Ndiyo maana tunasema kwamba ukibarua wa kudumu ni suala la demokrasia kabla haujawa suala la uchumi.

Neno lenyewe lina historia. Kibarua ni barua ndogo. Huko pwani, mtu aliyeajiriwa kwa siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi, akakirudisha jioni ili apate malipo yake. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Tunapomwita binadamu kibarua, yafaa tukumbuke kwamba tunamwita kwa jina la stakabadhi iliyokwisha thamani mara tu malipo yalipotolewa.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamtambua kibarua kuwa ni mtu alipwaye mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Haikatazi ajira ya namna hiyo. Mtu anaweza kuitwa kupakua lori moja, akalipwa na kwenda zake. Lakini kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo kinaweka mpaka. Kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo zinazotimiza mwezi mmoja, ama akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, sheria inamhesabu kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, anayestahili notisi kabla ya kuachishwa. Akiendelea miezi miwili au zaidi tangu aajiriwe, anastahili masharti yale yale ambayo angeyapata kama asingalianza akiwa kibarua. Tena, katika kuzihesabu siku zake, siku ya mapumziko yenye malipo huhesabiwa pia.

Kwa hiyo yule aliyesimama langoni kwa miaka saba si kibarua tena mbele ya sheria. Amekuwa mwajiriwa zamani. Anayemwita kibarua ni daftari la mwajiri tu.

Hila zinazotumika kuukwepa mpaka huo zinajulikana na kila akaaye mitaa ya wafanyakazi. Mwezi ukikaribia kutimia, kibarua huambiwa apumzike siku chache, kisha huitwa tena kwa hesabu mpya. Wengine huhamishiwa kwa wakala, na mwaka ukiisha wakala hubadilishwa jina, ilhali cherehani ni ile ile, kiti ni kile kile, na msimamizi ni yule yule. Wengine hutiliwa sahihi mikataba ya miezi mitatu mitatu isiyo na mwisho. Kazi haijakoma hata siku moja. Kilichokatwakatwa ni jina la anayeifanya.

Tazameni matunda ya hila hizo. Sheria inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Lakini mama asiye na uhakika wa kuchaguliwa kesho huifunga tumbo kwa leso ili karani asimtambue. Anayestahili siku za ugonjwa zenye malipo huja kazini akitetemeka kwa malaria, kwa kuwa akikosa siku mbili nafasi yake itachukuliwa. Aliyekatwa kidole na mashine huambiwa aseme alijikata nyumbani. Sheria inamtaka kila mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na taratibu zilizoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia. Lakini msichana atamshtakije msimamizi aliyemtaka kwa nguvu, ikiwa msimamizi huyo huyo ndiye atakayenyosha kidole kesho alfajiri, aseme nani aingie na nani abaki nje? Hapo taratibu zilizobandikwa ukutani hazimsaidii. Tunapozungumza juu ya afya na utu kazini, tuanze na kidole hicho.

Hata chama cha wafanyakazi, ambacho kingekuwa ngao yake, kinazuiwa na lango lile lile. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka wa 2007 inasema kwamba mwajiri atakitambua chama kitakapokuwa kimeandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Bila ya kutambuliwa hakuna majadiliano, na bila ya majadiliano hakuna mkataba wa pamoja. Sasa basi, kibarua atie sahihi fomu ya kukatwa ada ya chama, fomu ambayo itapelekwa kwa mwajiri ikiwa na jina lake? Kesho yake yupo kwenye foleni, naye karani amekwisha kuisoma fomu. Je, hii haifanani na mwaka wa 1988? Mpiga kura amesimama mahali anapoonekana, na mwenye uwezo wa kumnyima riziki ndiye mhesabu kura.

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni ya viwanda vya zamani, na kwamba kazi za kisasa za kompyuta zitatuokoa. Tusidanganyike. Hapa Nairobi vijana wetu waliajiriwa kuchuja picha na maneno ya kutisha ili yasiwafikie watumiaji wa Facebook: mauaji, mateso, ukatili dhidi ya watoto, saa baada ya saa. Ofisi zilikuwa safi, na vioo viling'aa. Lakini mwaka wa 2023 zaidi ya wafanyakazi 180 wa kazi hiyo walikwenda mahakamani dhidi ya Meta, mwenye mtandao huo, pamoja na kampuni zilizopewa kazi hiyo kwa niaba yake, wakilalamikia namna walivyoachishwa kazi na madhara waliyoyapata akilini. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliikataa hoja hiyo. Funzo ni dhahiri. Lango linaweza kuwa la chuma au la kioo, na wakala anaweza kusimama katikati ya mwajiri na mfanyakazi, lakini swali ni lile lile: ni nani anayenufaika na kazi hii, na kwa nini hataki kuitwa mwajiri?

Waajiri nao wana maneno yao, na ni haki yasikilizwe. Wanasema kwamba umeme ni ghali, kodi ni nzito, na oda hupanda na kushuka kwa misimu. Kwamba wakibanwa watahamia nchi nyingine, na kibarua atakosa hata ile siku moja. Kuhusu misimu, tunajibu kwamba sheria haimkatazi mtu kuajiri kwa msimu, mradi aandike mkataba unaosema ukweli wa msimu huo. Tunachokikataa ni msimu wa miaka saba. Kuhusu kuhama, tunakumbusha kwamba mwaka wa 1991 tuliambiwa vyama vingi vingeiangamiza nchi. Vitisho vya namna hiyo hutolewa kila mara mwenye nguvu anapoombwa kuishiriki nguvu yake. Kiwanda kisichoweza kuishi ila kwa kumnyima mama likizo ya uzazi kinaishi kwa ruzuku, na mtoa ruzuku ni yule maskini kuliko wote waliomo ndani yake.

Isitoshe, katika nchi hii haki ya mfanyakazi na uhuru wa raia hazikuzaliwa mbalimbali. Chege Kibachia aliwaongoza wafanyakazi wa Mombasa baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, na mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikamkamata na kumhamishia Baringo. Makhan Singh na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi mwaka wa 1949. Mwezi wa Aprili 1950 Makhan Singh akadai uhuru kamili hadharani. Akatiwa kizuizini, asitoke hadi 1961. Watu hawa hawakutenganisha mshahara na uhuru. Nasi tusitenganishe. Katiba ya mwaka wa 2010 imeliweka jambo hili katika ibara ya 41: kila mtu ana haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini, kulipwa ujira wa haki, kujiunga na chama na kugoma. Ibara hiyo haikusema "kila mtu isipokuwa kibarua."

Kwa ndugu zetu wa makanisa tunayo neno la pekee. Torati inaamuru ujira wa maskini ulipwe kabla jua halijatua, na Yakobo anaonya kwamba mshahara uliozuiliwa unapiga kelele masikioni mwa Bwana. Tunaukumbuka pia mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Waliosimama sokoni hadi jioni hawakuwa wavivu, hakuna aliyewaajiri. Naye mwenye shamba aliwapa ujira wa siku nzima, kwa kuwa njaa ya mtu haigawanyiki kwa saa. Papa Leo wa 13 aliandika waraka mzima juu ya wafanyakazi mwaka wa 1891. Basi msingi upo. Kinachotakiwa ni kila parokia, kila shule ya kanisa, kila hospitali ya misheni na kila ofisi ya harakati ifungue daftari lake na kuuliza: mlinzi wa usiku ni nani? Mpishi? Anayefagia wodi? Ameandikwa, au huhesabiwa kwa siku? Mwenye kudai mageuzi langoni mwa mwingine aanze na lango lake.

Zaidi ya hayo, tunadai mambo haya. Serikali iongeze wakaguzi wa kazi, nao wafike langoni alfajiri wakiwa na kifungu cha 37 mkononi, wazilinganishe hesabu za malipo na sura zilizo kwenye foleni. Waajiri wawaandikie barua za ajira wote waliokwisha kuuvuka mpaka wa sheria. Vyama vya wafanyakazi viwafungulie vibarua milango yao, viwatetee kabla ya kuwakata ada.

Nawe ndugu unayesimama langoni, usingoje. Nunua daftari dogo. Andika kila siku uliyoingia, saa uliyotoka, kiasi ulicholipwa na jina la aliyekusimamia. Usifute ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo. Tunza pasi ya kuingilia. Sheria inamtaka mwajiri kutunza kumbukumbu za ajira, na akishindwa kuleta mkataba mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai unamwangukia yeye. Lakini kumbuka kwamba madai ya ajira yana muda wake, nao ni miaka mitatu. Vikundi vya haki na amani parokiani vinaweza kuanza kazi Jumapili hii hii: meza moja baada ya ibada, kalamu, na mtu anayejua kusoma sheria.

Mlolongo wa 1988 ulianguka kwa sababu watu waliokuwa na sauti, mimbarani na mitaani, walikataa kuuita jambo la kawaida. Huu wa langoni umeitwa jambo la kawaida kwa muda mrefu mno. Tuuite kwa jina lake, kisha tuuondoe.