Kabla mnunue ploti ya ufuoni Homa Bay, ulizeni maji yalifika wapi 2020

Tangu Madaraka Dei ya Juni 1, 2025 iadhimishwe Homa Bay, wasee wa Nairobi wamekumbuka kwamba Kenya ina ziwa. Picha za machweo ya Mbita zimejaa kwa simu, na vyama vya marafiki vinachanga pesa. Plani huwa ile ile: ekari moja ufuoni, vibanda vinne vya nyasi, samaki wa kuchoma, na wageni waliochoshwa na kelele za jiji.

Chama chetu cha watu saba kilikuwa na plani hiyo hiyo. Tulisafiri hadi Mbita, tukaonyeshwa ploti tamu sana, na tukabakisha kidogo tu tulipe pesa za kushikilia. Halafu mzee mmoja mvuvi akatuuliza jikoni itakaa wapi. Tukamwonyesha. Akacheka. “Wanangu, 2020 hapo nilikuwa napitisha mashua.”

Hakuwa anatutania. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvunja rekodi iliyowekwa 1964. Nyumba, mashamba na vyoo vya ufuoni vilimezwa. Maji yaliporudi nyuma, ardhi ile ile ikaanza kuuzwa tena, ikiwa imekauka na kupendeza. Isitoshe, ukingo wa ziwa unalindwa na sheria, kwa hivyo hata maji yasipokufuata, serikali inaweza kukufuata.

Kosa letu ni kwamba tunachagua ardhi kwa macho. Mgeni hatalala kwa mandhari. Atataka maji safi, choo kisichofurika na barabara inayopitika mvua ikinyesha. Sehemu nyingi za bonde la Lambwe na Nyatike ya chini zina udongo mweusi ambao Agosti ni sakafu na Aprili ni gundi. Huko chini Nyatike, Mto Kuja pia hufurika. Na karibu na Macalder kuna wachimbaji wa dhahabu wanaotumia zebaki. Uliza nani anachimba juu ya mto kabla ya kuwaahidi wageni kuogelea. Pia kumbuka kwamba hatimiliki haikupi madini yaliyo chini ya shamba lako. Hayo ni ya serikali, na mtu mwingine anaweza kupewa leseni ya kuyachimba.

Habari njema ni kwamba vitu vya kuvuta wageni huku haviko ufuoni pekee. Mbuga ya Ruma, kilomita 120 za mraba ndani ya Lambwe, ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya, wale swala wakubwa wenye uso mweusi na mweupe. Beba nguo za rangi isiyokolea, maana mbung’o wa Lambwe wana historia yao. Upande wa Migori kuna Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila saruji wala tope, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2018. Inakadiriwa ilijengwa karne ya 16. Waliojenga walichagua mlimani, mawe yakiwa karibu na adui akionekana akiwa mbali. Wale walijua kuchagua ploti!

Sasa tuje kwa makaratasi, pale ambapo pesa za vijana huzama bila hata ziwa kupanda. Shamba nyingi huku bado ziko kwa jina la babu aliyefariki kitambo. Mjukuu akikuuzia kabla mirathi kukamilika kortini, amekuuzia hewa, na wewe umejiingiza kwa mali ya marehemu. Shamba la kilimo pia linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lazima lipelekwe ndani ya miezi 6 baada ya makubaliano. Ukichelewa, mkataba unaweza kuwa karatasi ya kufungia mandazi. Mke wa muuzaji naye lazima akubali. Ukitoka hapo kuna kubadilisha matumizi ya ardhi kaunti, kisha tathmini ya mazingira ya NEMA. Hiyo yote ni pesa na muda kabla hujanunua hata msumari.

Lakini kuna swali ambalo wakili hatakuuliza. Familia ikiuza ufuo, vijana wake watafanya nini? Nimeona hii sinema. Pesa zinanunua pikipiki, pikipiki inachakaa, na mtoto wa mwenye shamba anaishia kuwa mlinzi kwa geti la shamba alilozaliwa. Nyanya yake naye anazungushwa na seng’enge akienda kuteka maji.

Ndiyo maana chama chetu kimeacha kununua. Tunazungumza na familia moja iliyo kwenye mwinuko, mbali kidogo na maji, tukodi kwa miaka kadhaa. Kukodi pia kunahitaji idhini ya bodi, lakini ardhi inabaki kwao, sehemu ya mapato inawafikia, na njia ya kwenda ziwani inabaki wazi. Faida itakuja polepole. Wawili kati yetu wamenuna na wanataka pesa zao. Sawa tu.

Kama bado mnataka ploti, nendeni Aprili, mvua ikinyesha, mkiwa na gambuti. Ile itakayowapendeza mkiwa na matope hadi magotini, hiyo ndiyo ya kuongelea.